Kimya Katikati ya Kanda

Bibi Winifred Garside alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika. Kisha akavua hedifoni, akaiweka juu ya blanketi lililofunika magoti yake, akasema, "Huyu siye."

Doreen Pickersgill alikuwa amezoea kukanushwa. Nusu ya maisha yake aliitumia katika upelelezi wa polisi kule Yorkshire. Wezi walimkana, mashahidi walimkana, na mumewe alimkana mbele ya hakimu siku ya talaka. Lakini hakutegemea kukanushwa na mama aliyepelekewa sauti ya mwanawe wa pekee, mtoto aliyekufa zamani akiwa bado anavaa kaptura. Akavuta kiti karibu na kitanda, katika nyumba ile ya wazee ya Halifax, na kumweleza taratibu kwamba katika sehemu ile ya tamthilia mtoto alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Keith.

"Kwamba aliyeigiza ni yeye najua, kipenzi. Sijawa mwehu," alisema bibi. "Nakwambia sauti hii si yake. Walimkabidhi kwa mwalimu mwanamke, akamfundisha kusema kama watoto wa wakubwa wa London. Ati watu wa kusini hawatamwelewa. Mwanangu alikuwa akisema kama mimi. Huyu anasema kama mtoto wa daktari."

Doreen akaichukua hedifoni kutoka kwenye blanketi. Alikuwa ameisikiliza sauti ile mara nyingi na jambo hilo halikumpitia kichwani. Kila mtoto wa televisheni wa enzi zile alisema hivyo, na Doreen na wenzake, watoto wa wafanyakazi wa viwandani, walikaa sakafuni wakitazama wenzao wasiofanana nao hata kidogo.

Tamthilia yenyewe iliitwa *Taa ya Skerra*. Ilihusu walinzi wa mnara wa taa kwenye mwamba wa baharini, na kila Jumamosi jioni nchi nzima iliitazama sahani zikiwa mapajani. Kisha kanda zikafutwa zirekodiwe mambo mengine, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyedhani mtu angetaka kuona kitu kile kile mara mbili. Sehemu aliyoigiza Keith Garside, iliyoitwa "Ngazi za Chini", ilikuwa miongoni mwa zilizopotea. Sasa mwanamke mmoja wa Leeds, Tamsin Crowther, alikuwa akitengeneza makala ya televisheni kuhusu sehemu hizo, na alimwajiri Doreen, aliyekwisha kustaafu, atafute kama kuna nakala yoyote ya filamu iliyosalia duniani.

Bibi Garside hakuwahi kuiona sehemu ile. Jumamosi hiyo alikuwa kwenye zamu ya ziada kiwandani, wakifunga tofi za Krismasi. Alimwachia Keith shilingi ya kuwashia runinga juu ya rafu ya jikoni, akamwambia asijali, wakiionyesha tena watatazama pamoja. Hawakuionyesha tena. Mwezi wa kwanza Keith aliamka na maumivu ya kichwa, na kabla juma halijaisha alikuwa amezikwa.

"Uso wake ninao, upo kwenye picha," alisema. "Sauti ndiyo imenitoka. Nikijaribu kuikumbuka inakuja ya kaka yangu. Daktari hapa hanifichi, moyo huu hautafika majira ya kuchipua. Nilitaka nimsikie akiniita, basi. Sasa kama sauti walimwibia, nitafutie hiyo filamu. Labda mwendo wake walimwachia."

Doreen aliahidi, ingawa kazini walifundishwa kutoahidi. Alipokuwa akivaa koti aliuliza, kwa mazoea tu ya kuuliza, ni nani waliokuja nyumbani wakati wa msiba. Bibi akataja majirani, wenzake wa kiwandani, mchungaji. "Hata bwana wa benki alikuja, yule mwenye kofia. Alikuja kuchukua mashine yao iliyokuwa chumbani kwa Keith. Akanipa pole, akaondoka nayo. Sikumuuliza mashine gani. Siku zile sikuwa nauliza kitu."

Mvua ilikuwa ikinyesha Halifax nzima. Doreen alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, akilifikiria neno mashine.

Alasiri ile alikuwa Leeds, mbele ya meza ya Tamsin, akiitazama sauti ikipita kwenye kioo cha kompyuta kama milima midogo myeusi. Sauti hiyo ilitoka kwa Neville Sugden wa Ilkley, na katika ukoo mzima wa mashabiki wa *Taa ya Skerra* hakuna aliyeheshimiwa kumzidi. Enzi zile, kabla watu hawajawa na mashine za kurekodi picha majumbani, wapo watoto waliotega kipaza sauti mbele ya runinga, wakawanyamazisha wazazi, wakanasa walau maneno. Sugden alisema naye alifanya hivyo. Mwaka juzi aliisafisha kanda yake, akaondoa kelele zote za nyumbani, akagawa nakala, na mashabiki wakampigia makofi mpaka mikono ikauma. Pia alikuwa akidokeza, kila alipopewa bia, kwamba huenda anayo na filamu yenyewe.

"Nionyeshe lile pengo la katikati," alisema Doreen.

Tamsin akasema kila shabiki analijua pengo lile. Keith yuko juu ya ngazi za mnara, mara panasikika mtikiso, kisha kimya, kisha sauti inarudi na Keith yuko chini kwenye mashua. Sugden alieleza zamani kwamba umeme ulikatika.

Doreen akamwomba apandishe sauti ya kile kimya mpaka mwisho. Hawakusikia kitu. Akamwomba afanye vivyo hivyo mahali pengine ambapo waigizaji wamenyamaza, na spika zikatoa mchachato, na mbali kidogo saa ya ukutani, hafifu, kama iliyopona kisu cha msafishaji.

"Kimya cha kanda ya zamani kinapumua," alisema Doreen. "Kile kingine kimekufa. Mtu amekibandika."

"Kwa nini abandike kimya juu ya kimya?"

"Labda hakikuwa kimya." Akaomba asikie tena sauti inavyorudi baada ya pengo. Haikurudi mara moja. Iliingia polepole, kwanza mbali, kisha ikajaa. Doreen aliisikiliza mara tatu, na mara ya tatu akatabasamu bila furaha yoyote. Sauti ile aliijua tangu utotoni.

Nyumba ya Neville Sugden ilikuwa ya mawe, juu kabisa mwa Ilkley, na asubuhi ya pili yake alimfungulia Doreen mlango akiwa amevaa tai. Alikuwa mnene, mpole, mwenye mikono midogo iliyotunzwa vizuri. Chumba chake cha mbele kilikuwa makumbusho. Palikuwa na koti la mlinzi wa mnara lililovaliwa na mwigizaji mkuu, kipande cha mnara cha mbao iliyopakwa rangi, na katikati, juu ya meza yake peke yake, mashine ya kurekodi ya magurudumu mawili, ya zamani, ikiwa na waya mnene uliofungwa kwa utepe.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Baba alininunulia siku yangu ya kuzaliwa. Bado inafanya kazi."

Doreen akaisifu, na aliisifu kwa dhati. Akauliza kama ilitumia betri. Sugden alicheka kidogo, kama anayemsamehe mgeni asiyejua mambo, akasema mashine kama ile ilihitaji umeme wa ukutani. Doreen akaliacha jambo hilo likae. Akaomba kuona filamu.

Hapo Sugden alianza kupiga chenga. Kwanza filamu ilikuwa benki. Kisha ilikuwa hapahapa lakini haipendi joto. Kisha, alipoona mgeni haondoki wala hagusi biskuti, alileta kopo la bati lililoandikwa "Ngazi za Chini" kwa wino, akalishika kifuani kwa mikono yote miwili. Doreen akainama akanusa. Katika majuma ya kazi hii alikuwa amenusa makopo mengi, na filamu ya umri ule hunuka siki hata ukiwa nje ya mlango. Kopo hili lilinuka nta ya kung'arishia meza.

"Lifungue, Bwana Sugden."

"Mwanga utaiharibu."

"Basi nitaukinga kwa mkono wangu." Akalichukua taratibu, kama anavyopokonywa kisu mtoto, akalifungua. Ndani mlikuwa na vifungo vya nguo, vya rangi zote.

Sugden alikaa chini. Alisema vilikuwa vya mama yake. Alisema hakuwahi kutamka wazi kwamba filamu anayo, watu ndio waliopenda kuamini. Kadiri alivyojua yeye, filamu ya sehemu ile ilichomwa moto zamani pamoja na nyingine nyingi, na haipo popote. Doreen alimwamini, na moyo ukamwenda chini, kwa sababu pale kitandani Halifax palikuwa na mtu anayesubiri kuona mwendo wa mtoto.

Lakini hakuishia hapo.

"Sasa tuzungumzie sauti," alisema. "Uliirekodi wapi?"

"Nyumbani kwetu. Kila mtu anajua."

"Na lile pengo?"

"Umeme ulikatika. Nimelieleza jambo hili mara mia."

"Umeme ukikatika, mashine hii nayo inakufa, umeniambia mwenyewe inataka umeme wa ukutani. Mashine iliyosimama hairekodi hata kimya. Ungekuwa na mruko tu, si pengo. Wewe una pengo refu, maana yake magurudumu yalikuwa yakizunguka muda wote. Iliyozimika ni runinga peke yake."

Sugden alisema huenda ilikuwa hitilafu ya runinga.

"Iliyojitengeneza yenyewe?" Doreen aliinua kikombe chake cha chai kwa mara ya kwanza. "Sauti inarudi polepole, Bwana Sugden. Runinga za wakati ule zilikuwa na taa ndani zinazotaka kupata moto kwanza. Ilizimika, mtu akaiwasha upya. Sisi kwetu Hunslet ilikuwa hivyo hivyo kila Jumamosi, katikati ya utamu. Mtikiso, giza, na mama anatafuta shilingi kwenye kikombe. Runinga ya kukodi, yenye kisanduku cha shilingi mgongoni. Baba yako alikuwa na kazi gani?"

Sugden aliinyoosha tai yake.

"Alikuwa meneja wa benki Halifax, mwenyewe umewahi kuwasimulia mashabiki. Alivaa kofia. Meneja wa benki hatumbukizi shilingi kwenye runinga yake. Kanda hii haikurekodiwa kwenu. Ilirekodiwa nyumbani kwa Winifred Garside, kwa mashine hii, kisha baba yako akaenda kuichukua mtoto akiwa bado hajazikwa."

Ile mikono midogo ilianza kuviokota vifungo na kuvirudisha koponi kimoja kimoja, ingawa hakuna kilichokuwa kimemwagika. Alipoanza kusema alisema chini sana. Yeye na Keith walikaa dawati moja shuleni. Keith alimwomba mashine mpaka mwezi wa pili ili amrekodie mama yake, ambaye angekuwa kazini, kisha amsikilizishe kanda siku ya kuzaliwa kwake. Neville alimpa bila kumwambia baba. Keith alipokufa baba aligundua, akaenda kuidai, na ilirudi na kanda ikiwa bado juu yake. Neville aliogopa kuitaja. Baadaye, alipokua, watu walianza kuzitafuta sehemu zilizopotea, na akajikuta ndiye mtu pekee mwenye sauti ya "Ngazi za Chini". Hakuwahi kuwa mtu pekee wa kitu chochote.

"Na pale katikati uliondoa nini?"

"Kelele za chumbani."

"Kelele gani?"

Sugden alilifunika kopo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ungeweza kukata tu ukaunganisha," Doreen aliendelea, bila ukali sasa. "Hakuna ambaye angejua. Lakini ninyi mashabiki hamwezi kuvumilia sehemu ipungue hata sekunde, kwa hiyo ukabandika kimya cha urefu uleule. Hapo ndipo ulipojikamatisha. Nakuuliza swali moja tu na ulijibu vizuri. Kanda yenyewe, ya kwanza, ipo?"

Doreen akakiweka kikombe mezani. Walioifuta tamthilia walikuwa wamefuta na kusahau. Huyu naye angeweza kuwa amesafisha na kutupa.

"Ipo," alisema Sugden. "Huwa naisikiliza kila mwezi wa kwanza."

Mashine waliibeba wote wawili, kwa kuwa hakuna mashine nyingine ambayo Doreen angethubutu kuipa kanda ile. Njiani kwenda Halifax alimpigia simu Tamsin akamweleza. Tamsin akauliza kama angeweza kuja na kamera. Doreen akamwambia hapana, na akaongeza kwamba kama hiyo ni sababu ya kutomlipa, basi na iwe hivyo. Tamsin hakubisha.

Bibi Garside alikuwa ameamshwa na kuvalishwa sweta la buluu. Alimtazama Sugden tangu viatu mpaka kipara, akasikiliza maelezo ya Doreen bila kumkatiza. Sugden alisimama karibu na mlango akiwa ameshika mkoba wa kanda, na alipojaribu kusema samahani, bibi aliinua kidole.

"Ulikuwa na umri gani baba yako alipokuja kwangu?"

"Tisa, mama."

"Kwa mtoto wa miaka tisa sina neno. Angeogopa yeyote." Akakitazama kipara tena. "Mtu mzima ndiye sijui nimwambie nini. Miaka yote hiyo nilikuwa King Cross, hapa hapa Halifax, nyumba ileile, mlango uleule. Kaa chini, utanitia kizunguzungu."

Sugden alikaa pembeni ya kiti. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Doreen aliingiza waya ukutani, akavuta kanda kutoka gurudumu moja hadi jingine kama Sugden alivyomwonyesha, akaisogeza mpaka karibu na pale mahali. Muziki wa tamthilia ulisikika, bahari ya uongo ikivuma, na ile sauti safi ya mtoto wa London ikisema kwamba haogopi giza, bwana, haogopi hata kidogo. Bibi alikunja uso.

Kisha mtikiso. Bahari ikakatika. Saa ya ukutani ikasikika ikienda, na kiti kikaburutwa sakafuni.

"Mama, imezimika," ikasema sauti nyingine, karibu kabisa na kipaza sauti, nzito kidogo puani, na ya Halifax tupu. "Shilingi imekwisha. Usinigombeze, nachukua ile ya gesi. Kesho hatutakuwa na gesi, tutakunywa chai kwa Shangazi Hilda. Ngoja."

Miguu ikakimbia. Kitu kikaanguka jikoni. Miguu ikarudi, shilingi ikatumbukia, na kishikio cha kisanduku kikazungushwa.

"Haya, inapata moto. Ngoja nikwambie inavyokuwa hapa, usipitwe. Sasa hivi nashuka ngazi. Kuna giza, lakini si giza la kweli, wamezima taa tu, na nyuma yangu kuna mtu ameshika kikombe cha chai. Naogopa, lakini kwa kuigiza. Halafu mzee wa mnara ananiuliza jina langu. Siku ya mazoezi nilisema Keith, wote wakacheka, hata yeye. Halafu ananibeba mpaka kwenye mashua. Anahema sana yule, nilidhani ataniangusha. Wewe hujawahi kuniangusha." Kiti kikasogezwa. "Umeelewa, Mama?"

"Nimeelewa, mwanangu," alisema Bibi Garside.

Hakulia. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Vidole vyake vilikuwa vimelikamata blanketi. Kwenye kanda mtoto alisema, "Haya, inarudi, nyamaza sasa," na bahari ya uongo ikaanza kuingia kwa mbali, ikajaa taratibu, na juu yake ile sauti iliyofundishwa ikasema, asante sana, bwana, mashua hii ni nzuri kweli.

Bibi aliinua mkono, na Doreen akabonyeza kitufe.

"Huyo mwingine mpeni yule binti wa Leeds," alisema. "Nirudishie pale alipozimikiwa."

Doreen alirudisha.